Kashata Mlangoni kwa Bi Mwanakombo

Mlango uliokulisha haupitwi mbio.

Methali hii ilianza hivi. Lakini ngojeni kwanza. Skanda, kaa kitako, usinisimamie mlangoni kama askari. Umerudi uso umeukunja kwa sababu Fundi Kupi kakutupia maneno haya ulipompita na pikipiki yako, vumbi tupu, salamu hakuna. Sasa waniuliza maana yake nini na nani aliyeyatunga. Dada yako Arafa naye kaja kusikiliza. Na hao rafiki zako wanaocheka huko nje, waambie waingie, sipendi kusimulia kwa kupiga kelele. Arafa, nisogezee huo ukili nishone huku nasema. Mwenye shogi hii aitaka kesho amtwike punda wake, na yeye hana subira hata ya huyo punda.

Haya. Hapa Uvumbe nusu ya maneno yetu yametoka kwenye mbio za punda. Mtu akijisifu kabla ya wakati twamwambia, "Hujapita Mnarani," kwa sababu pale Mnarani ndipo mbio zinapoishia, na wengi wameangukia pua hatua chache kabla ya kufika. Mtu mkimya akifanya jambo kubwa twasema, "Punda wa maji huyo," maana punda wa maji hakuna anayemtazama mpaka siku atakayoshinda. Nyinyi mwayasema kila siku wala hamjiulizi yalikotoka. Hii ya leo niliiona kwa macho yangu, kwenye dirisha la juu la nyumba yetu, iliyotazamana na mlango wa Bi Mwanakombo. Nilikuwa mwari wakati huo. Kutoka nje marufuku, lakini macho nani atayafungia?

Palikuwa na kijana mmoja mchukuzi wa maji, jina lake Famau. Alikuwa mpole, mwenye haya, mtu wa kuzungumza na punda kuliko na watu. Akiulizwa jambo hujibu huku anatazama kwato. Punda aliyemwongoza alikuwa jike, rangi yake kama kashata ya nazi iliyokaa motoni kidogo, basi akamwita Kashata. Mama yake punda huyo alikufa akimzaa, na Famau ndiye aliyemlea kwa maziwa na kitambaa, akilala naye zizini mpaka akasimama. Asikwambieni mtu, hawakuwa punda na mchukuzi wale. Walikuwa ndugu.

Ila Kashata hakuwa wake. Alikuwa wa Bwana Bunu wa Shee, mwenye punda wote wa maji wa mji huu. Sasa mwaka ule mabomba yakaingia Uvumbe. Watu wakashangilia, wakafungua na kufunga mifereji kama watoto, na punda wa maji wakabaki zizini wanatafuna tu. Bwana Bunu akapata watu wa bara waliotaka kuwavusha punda ng'ambo ya maji wakabebe mawe machimboni. Famau aliposikia hivyo akili ilimruka. Punda wa machimboni hazeeki. Kila mtu alijua hivyo.

Akaenda kwa Bwana Bunu, mara hii akamtazama usoni, akamwomba Kashata. Bwana Bunu akacheka. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amezoea kucheka kwanza.

"Umpeleke wapi, na kazi ya maji imekwisha?"

"Popote, bwana. Nitabeba mchanga, nitabeba chokaa. Usimvushe tu."

"Basi mtie mbioni," akasema Bwana Bunu. "Akishinda mbio za Maulidi, mfungo sita hii, ni wako, kamba na yote. Akishindwa, anavuka na wenzake. Maneno yangu ni hayo."

Naam. Mambo yalianzia hapo. Famau akatoka pale anakimbia kwa furaha, kwa sababu alijua jambo ambalo Bwana Bunu hakulijua: Kashata alikuwa na mbio. Usimwone na mitungi. Ukimshusha mzigo ukampa njia nyeupe, huyo! Hakuna punda wa mtaa wa juu wala wa chini aliyemfikia.

Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa mlango.

Mbio zetu, kama mjuavyo, huanzia uwanja wa soko, zikafuata njia kuu mpaka Mnarani. Na katikati ya njia kuu palikuwa na nyumba ya Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa bibi mjane, mnene, mcheshi, na sauti yake ikisikika mpaka msikitini. Kila asubuhi Kashata akitoka kisimani husimama mlangoni pake, hutia kichwa ndani ya pazia, na Bi Mwanakombo humpa ukoko wa wali wa jana. Kila siku ya Mungu, tangu punda yule akiwa hajaota meno sawasawa. Famau naye hupewa chake, kwenye sahani. Usipompa Kashata ukoko, haondoki. Utavuta, utasukuma, utamwita majina yote mazuri. Haondoki.

Basi Famau akajaribu kumsahaulisha. Akampitisha mbio asubuhi, akasimama. Akampitisha jioni, akasimama. Akamfunga macho kwa kanga, akasimama palepale, kama mwenye kuhesabu mawe ya njia kwa kwato. Siku ile nilicheka hapo dirishani mpaka mama akaja kuniuliza nina nini.

Mwisho akaenda kwa Bi Mwanakombo mwenyewe, akamweleza yote: machimbo, ahadi ya Bwana Bunu, na ugonjwa huu wa ukoko. Bi Mwanakombo akasikiliza huku mikono ipo kiunoni.

"Loo, mwanangu! Yaani mimi ndiye nitakayemvusha bara mtoto wangu? Haiwi. Siku ya mbio nitafunga mlango, komeo na kitasa. Nitaingia chumba cha ndani kabisa, nijitie shuka kichwani. Asinione, asinisikie, asinuse hata moshi wangu. Atapita."

Famau akashukuru, akaona mambo yamekwisha. Na mimi huku juu nikasikia, nikaona ni akili nzuri kabisa. Sote tuliona hivyo. Lakini jamani, fikirini. Hapa kwetu mlango haufungwi mchana. Hushushwa pazia, basi. Mlango uliofungwa mchana una maana kuna msiba, au watu wamehama. Mtoto mdogo alijua hivyo, na punda aliyezaliwa na kulelewa mji huu naye alijua. Sisi wenye akili ndio tuliosahau.

Siku ikafika. Mji mzima ulikuwa njiani, kanzu zimepigwa pasi, watoto wamekalia kuta, wanawake wamejaa madirishani. Kwenye baraza iliyo chini ya dirisha letu waliwekewa viti wakubwa wa mji, na katikati yao akaketi Bwana Bunu na bakora yake ya fedha. Sasa kiti kile kilitazamana na mlango wa Bi Mwanakombo, uso kwa uso, na hapa sina budi niwaambie jambo.

Bwana Bunu alikuwa hautazami mlango ule. Kila Ijumaa akipita njia kuu hukaza mwendo akifika pale, macho mbele, kama mtu anayekimbia mvua. Wazee walijua sababu. Zamani, mwaka wa njaa kuu, Bi Mwanakombo alikuwa bado bibi harusi, na mumewe alikuwa na ghala ya mtama. Kila siku bibi harusi huyo alitoa sufuria kubwa ya uji mlangoni, na mtoto yeyote mwenye kikombe akinywa. Bunu, mtoto wa mchoma chokaa, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alikunywa pale mpaka njaa ikapita. Kisha akakua, akafanya kazi, Mungu akamfungulia. Na alivyozidi kufunguliwa ndivyo alivyozidi kukaza mwendo mlangoni pale. Si ubaya, wanangu. Ni haya. Mtu akishashiba huona taabu kumtazama aliyemwona na njaa. Lakini haya ikikaa sana hugeuka kiburi, na Bi Mwanakombo hakuwahi kusema neno. Alikuwa akimwona akipita, akishusha pazia taratibu, basi.

Zumari ikalia, punda wakaachiwa. Ai! Tuliwasikia kabla hatujawaona, kwato juu ya mawe, na watoto wakipiga mayowe kutoka ukuta hadi ukuta. Wakatokeza kwenye kona, na mbele yao alikuwa Kashata. Peke yake! Nyuma yake, mbali, alikuwa Radi, punda mweusi wa mtaa wa juu, amepandwa na Shekuwe ambaye alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia na mwaka uliotangulia huo. Famau amelala shingoni, meno nje, analia na kucheka. Nikasahau kama mimi ni mwari, nikapiga kigelegele dirisha zima.

Wakafika mlangoni. Kashata akasimama.

Alisimama ghafla hata Famau akateleza shingo yote, akaning'inia masikioni. Punda akautazama ule mlango uliofungwa. Akaunusa. Akaupiga kichwa, ngo! Kisha akainua shingo akalia kilio ambacho sijapata kusikia punda akilia, kirefu, cha kuita.

"Twende, Kashata! Twende, mamangu!" Famau anavuta. "Hayupo! Twende!"

Hatoki. Watu wakaanza kucheka. Wa mtaa wa juu wakapiga makofi. Radi huyo anakuja. Famau akaona hakuna njia, akaruka chini, akaupiga mlango kwa ngumi mbili.

"Hodi! Bi Mwanakombo, hodi!"

Kutoka ndani kabisa ikaja sauti yenye shuka juu yake: "Sipo!"

Mji mzima ukaangua kicheko.

"Bibi, fungua!"

"Sifungui! Nenda ukashinde, mwana we! Nimekwambia sipo!"

"Haondoki bila kukuona! Adhani umekufa!"

Kisha sauti ile, sasa karibu zaidi: "Kasema nani nimekufa?"

"Punda, bibi!"

Hapo Radi akapita, na Shekuwe akapunga mkono. Wakapita wa pili, wa tatu, wakapita wote, hata yule punda kiwete wa muuza mkaa. Komeo likalia, kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Bi Mwanakombo akatoka na shuka begani, na mkononi, msimwambie mtu, sahani ya ukoko. Alikuwa amemwekea ampelekee Mnarani akishinda.

Kashata akautia uso wake tumboni kwa bibi yule, akatulia. Ndipo akala. Alikula polepole kama kwamba hakuna mbio duniani, na Bi Mwanakombo akimkuna masikio na machozi yanamtoka. "Tungeuacha wazi," alikuwa akisema. "Mjinga mimi. Tungeuacha wazi angechukua chake akapita."

Famau alikuwa ameweka paji la uso juu ya mgongo wa Kashata. Mabega yanamtikisika. Alikuwa amekwisha kumpoteza, na kila mtu alijua.

Na ndipo muuza kahawa mmoja, mtu wa mzaha, akagonga vikombe vyake akapiga kelele: "Msimcheke jamani! Mlango uliokulisha haupitwi mbio!"

Loo, watu walicheka! Walishika mbavu. Wakalirudia neno lile, baraza kwa baraza, mpaka Mnarani. Wazee pale chini yangu wakacheka, na Bwana Bunu akacheka nao, kwa vile alizoea kucheka kwanza. Kisha nikaona mabega yake yamesimama. Alikuwa anautazama ule mlango. Ulikuwa wazi, na yeye ameketi uso kwa uso nao, hana pa kukazia mwendo. Bakora ikamtoka mkononi ikabiringika barazani, asiiokote.

Kashata alipomaliza akajilamba, akageuka mwenyewe, akaondoka mbio bila kuambiwa. Famau alimkimbilia kwa miguu. Wakafika Mnarani wa mwisho kabisa, baada ya muuza mkaa, na watoto wakawashangilia kuliko Shekuwe. Mshindi akavishwa shada la asumini, ngoma ikapigwa. Famau hakungoja. Akafumbata kamba ya Kashata mkononi, akarudi naye njia kuu hatua kwa hatua, kumkabidhi kwa mwenyewe. Ahadi ni ahadi.

Lakini kiti cha Bwana Bunu kilikuwa kitupu.

Alikuwa upande wa pili wa njia, mbele ya pazia la Bi Mwanakombo, kavua viatu. Mtu mzima, kanzu nyeupe pee, kasimama kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi. Bunu."

"Bunu gani?"

"Bunu wa Shee, mama."

Watu wakajongea wasikie. Hata ngoma kule Mnarani tuliona kama imepungua. Kisha Bi Mwanakombo akasema huko ndani, kwa sauti yake ile ya kufika msikitini:

"Bunu wa kikombe cha bati? Kilichotoboka, akiziba kwa kidole?"

Bwana Bunu akajaribu kucheka, kikawa kilio. "Ndiye, mama. Ndiye mimi."

"Karibu, mwanangu. Ila umechelewa. Ukoko kala punda."

Wallahi sikujua kama watu wale walikuwa wanacheka au wanalia. Mimi nilifanya yote mawili. Bwana Bunu akainua pazia akaingia, na waliyoyazungumza humo ni yao wenyewe. Tulichosikia ni sufuria kuwekwa jikoni.

Famau akabaki nje na Kashata, amekaa kwenye kizingiti, kamba imelala magotini. Jua liliposogea, Bwana Bunu akatoka, macho mekundu, tone la uji kwenye ndevu. Famau akasimama, akanyoosha mkono wenye kamba. Akatazama kwato.

"Ni nini hiyo?" akauliza Bwana Bunu.

"Kamba yako, bwana. Kashindwa."

"Kashindwa na nani?"

"Na wote, bwana. Kawa wa mwisho."

Bwana Bunu akamshika punda yule masikio, akamtazama muda mrefu.

"Mbio za hao wengine sizijui," akasema. "Mimi na huyu tumekuwa tukiipita njia hii miaka na miaka, na mlango ni huu. Leo umeona nani kasimama. Kanishinda, Famau. Kanishinda mbele ya mji mzima. Nenda na punda wako."

Famau alimkumbatia punda badala ya kumkumbatia bwana, akasahau hata kushukuru, na Bwana Bunu hakuona vibaya. Wale punda wengine nao hawakuvuka. Sijui aliwaambia nini watu wa bara. Najua kwamba kila Ijumaa baada ya sala tulimwona akisimama mlangoni pale na kikombe kipya cha bati, akipiga hodi kwa sauti, na Kashata akiwa amemtangulia, kichwa kimo ndani ya pazia, mkia tu ndio uliobaki njiani. Nilikuwa nikiwatazama nikisema moyoni, watu husema asante ya punda ni mateke, lakini aliyesema hivyo hakupata kukaa dirisha hili.

Na lile neno la muuza kahawa, lililozaliwa kwa mzaha, halikurudi tena kuwa mzaha. Watu walianza kulisema taratibu, hasa wakiwa wanapita mahali fulani na moyo unawasuta.

Basi, Skanda. Uliniuliza maana yake nini. Fundi Kupi alikuokota hujui kushika bisibisi. Ulikula kwake, ukalala kwake, hiyo pikipiki yenyewe alikufundisha kuifungua na kuifunga. Leo una karakana yako, Mungu akuzidishie, nami naona fahari. Usiniangalie hivyo, sikukasirikii. Najua huna kiburi. Ni haya tu, kama ya Bunu, na haya dawa yake ni ndogo.

Wapi unakwenda? Huo ufunguo wa pikipiki uache hapa juu ya mkeka. Enenda kwa miguu, na ufikapo piga hodi kwa sauti, asisikie yeye tu, usikie na mtaa. Arafa, mpe ndugu yako hizo ndizi ampelekee mzee, asiende mikono mitupu.

Haya, kazi kwako. Mlango uliokulisha haupitwi mbio.